Mbegu ya Mfupa

1

Mama alinirudishia chupa yangu ikiwa imeoshwa, imekaushwa, na ndani yake ametia chumvi ya kupikia, maana kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Nilimuuliza kitovu kiko wapi, akasema kiko mahali pake.

Nilikuwa nimekuja mbio kutoka kwenye tangi la maji ninakofanya kazi, baada ya kuambiwa kwamba mdogo wangu Sikudhani amejifungua tangu jana yake, kabla ya siku zake, mtoto wa kiume, na wote ni wazima. Wao walikuwa wakinisubiri nishangilie. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chumvi mkononi.

Chupa ile niliileta mwenyewe wiki tatu kabla, ikiwa na maji maalumu ya kuhifadhia. Nikamweleza mama polepole, na kwa heshima zote, kwamba siku ya Sikudhani ikifika asizike kondo wala kitovu, akikate kipande kama urefu wa kidole, akitie humu, kisha atume mtu aniite. Mama akasema haya. Nilipaswa kumjua mama yangu. Yeye akikwambia haya, maana yake ni kwamba amekusikia na hataki kugombana na wewe.

"Kiko mahali pake wapi, mama?"

"Nimekizika nyuma ya bafu, kama nilivyozika chako. Nimekipaka majivu na chumvi, fisi wasikifukue. Ulitaka nimwache mjukuu wangu bila kwao?"

2

Hapa lazima nieleze, maana watu wengi wa mji wetu wa Chumvini hunywa maji yangu bila kujua yamepita wapi.

Maji yetu yanatoka chini sana, ndani ya mwamba, na yamejaa floridi. Enzi za bibi zetu visima vilikuwa vifupi. Floridi iliwapaka watu meno rangi ya kahawia, ikawapinda watoto miguu, na watu wakaizoea. Mvua zilipoadimika tukaendelea kuchimba, na kila tulipozidi kushuka maji yalizidi kuwa makali. Siku hizi hayaishii kwenye miguu. Yananyang'anya damu kalsiamu yake. Mtu mzima hutapika na kukakamaa vidole. Mtoto mdogo hushikwa degedege, na moyo wake husimama.

Ila floridi ina udhaifu wake: inapenda mfupa kuliko kitu chochote. Kwa hiyo wataalamu walituwekea mfupa. Unaitwa mfupahai. Hauna mwili, hauna damu, umeoteshwa gizani ndani ya tangi juu ya nyuzi za hariri, na seli zake zinaujenga upande huu huku zikiubomoa upande ule bila kupumzika. Maji hupenya kwenye vitundu vyake, floridi inanaswa, sehemu iliyoshiba inamomonyoka na kuzama chini kama unga, na mpya inaota mahali pake. Hakuna chujio la kununua. Kazi yangu ni kuulisha, kuukinga na joto, na kuusikiliza. Ndiyo, kuusikiliza. Ukiugonga kwa nyundo ya mbao na sauti ikatoka butu, uko hai.

Mwezi ule niliugonga ukalia kama sufuria.

Ulikuwa umezeeka. Ulihitaji mbegu, yaani seli mpya za mfupa za kuanzia upya, na za binadamu, kwa sababu wenyewe ulitokana na binadamu na ulizikataa za mbuzi mara zote nilipojaribu. Nilijaribu zangu. Nilijaribu za walimu na za wanafunzi waliojitolea kuchomwa sindano nyongani. Zote zilikaa kidogo kwenye sahani ya majaribio zikafa, kwa sababu sisi sote tulikwisha kunywa maji mabaya utotoni kabla tangi halijajengwa, au katika ile miezi lilipoharibika, na mifupa yetu ilikuwa imekwisha kushiba. Mbegu ya kuletwa kutoka mbali ingekufa njiani kwa joto. Isitoshe, njia yenyewe ilikuwa haina habari. Msengi, mume wa Sikudhani, alikwenda na lori la mwisho kutafuta maji nyanda za juu, na hadi leo tunamsubiri.

Alibaki mtu mmoja ambaye hajawahi kunywa chochote, naye alikuwa tumboni mwa mdogo wangu. Wengine wenye mimba hawakuwapo. Wanawake wa Chumvini walikuwa wameacha kuzaa, na sikuona sababu ya kuwalaumu. Kitovu cha mtoto kina seli changa ambazo ukizilea vizuri hugeuka mfupa, na kukikata hakumuumizi mtu. Hicho ndicho nilichotaka kitiwe kwenye chupa, na ndicho mama alichokizika nyuma ya bafu.

3

Tulikifukua. Nilipomweleza mama kwa lugha ya wazi, bila heshima yoyote safari hii, kwamba mji mzima ulikuwa unategemea kile kipande, alinitazama kwanza kama nimepandwa na wazimu. Kisha akaenda mwenyewe nyuma ya bafu, akapiga magoti, akachimba kwa mikono. Sikumsaidia. Nilikuwa na hasira nikaogopa kwamba nikiinama karibu naye nitamwambia neno ambalo halifutiki.

Kilitoka kikiwa kimekauka, kimesinyaa, kimeng'ang'ana na majivu. Nilikipeleka kwenye chumba cha majaribio nikakiosha, nikakikata vipande vyembamba kama karatasi ya kusokotea sigara, nikavitia kwenye sahani zenye chakula cha seli, nikakaa navyo. Jioni sikuona kitu. Kesho yake sikuona kitu. Siku iliyofuata sahani zilianza kunuka.

Mama alikuwa amekaa nje ya mlango wangu tangu asubuhi. Nilipotoka hakuuliza, aliona usoni. Akavuta gauni lake hadi juu ya goti, akaninyooshea ule mguu wake uliopinda tangu akiwa mtoto, akasema nichukue wangu, nikate popote. Nililia pale. Mfupa wa mama ulikuwa umeshiba floridi kuliko wa mtu yeyote Chumvini, na yeye alikuwa anaunyoosha kama mtu anayetoa akiba yake ya mwisho.

4

Tabibu Kiula ndiye aliyelisema, ingawa mimi nilikwisha kulifikiria na kulikimbia. Alikuwa tabibu wetu wa pekee, mzee wa maneno machache, mikono yake bado thabiti. Nilimfuata zahanati kumwambia kwamba kitovu kimekufa. Alifunga mlango, akasema kwamba mtoto mwenyewe bado yupo.

Nikamuuliza sindano itatosha? Akasema kwa kitoto kama kile haitatosha, seli nitakazopata hazitafika tangini zikiwa hai. Inahitajika kipande chenyewe cha mfupa, cha nyonga, ukubwa wa punje ya mahindi. Dawa ya usingizi ya watoto wachanga hana. Damu ya kumwongezea hana. Na mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mwepesi kama kifurushi cha nguo.

"Atapona?" nikauliza.

"Nusu kwa nusu. Na nakwambia wewe kwa sababu ni ndugu yangu katika kazi. Mtu mwingine ningemwambia vizuri zaidi."

Nilipotoka nilimkuta Mwenyekiti Mkumbo ananisubiri kwenye baraza ya zahanati. Mjukuu wake Chiku, mtoto wa miaka minne anayejulikana mtaa mzima kwa kuingia nyumba za watu bila hodi, alikuwa ameanza kukakamaa vidole. Mwenyekiti hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini siku ile alinishika mkono. Akaniuliza kama kuna njia, njia yoyote, hata ngumu, niiseme aiitishie kikao.

Nilijua kikao kingeamua nini. Watu elfu tatu wangenyoosha mikono, na wangekuwa na haki, kisha wangetumwa vijana wawili nyumbani kwa mdogo wangu. Nikamwambia hakuna njia.

Aliniachia mkono akaenda zake, na mimi nikabaki nimesimama na uongo wangu. Nilijiambia kwamba namnunulia Sikudhani nafasi ya kuchagua. Lakini kila nilipofungulia bomba baada ya hapo, nilijua wanaolipia hiyo nafasi ni nani.

5

Nilimweleza Sikudhani mchana wa siku hiyo hiyo. Alikuwa amekaa kitandani ananyonyesha. Mtoto hakuwa na jina. Kwetu jina hutolewa siku arobaini zikitimia, na kabla ya hapo mtoto huitwa mgeni, kwa sababu bado anaangalia kama atakaa. Nilimweleza yote: tangi, kitovu, punje ya mahindi, nusu kwa nusu. Nilitamani sana kusema kwamba hatari ni ndogo. Ulimi ulikuwa umekwisha kulishika neno hilo, nikalirudisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumpapasa mtoto mgongoni. Kisha akaniuliza kuhusu maziwa yake. Nilikuwa naliogopa swali hilo. Maziwa ya mama hayabebi floridi nyingi. Mama anaweza kunywa sumu na bado mtoto akanyonya salama, ilimradi mama mwenyewe asimame. Nikamwambia hivyo.

"Kwa hiyo katika Chumvini yote, huyu ndiye mzima peke yake," alisema. "Na huyu ndiye mnayemtaka."

Nikasema ndiyo.

Akaniambia niondoke. Hakupandisha sauti. Aliongeza kwamba akiniona tena mlangoni kwake na Kiula, atatoka na mtoto atembee kwenye jangwa la chumvi linalotuzunguka hadi miguu imalizike, na nilijua angefanya. Wengi walikwisha kutoka kwa njia hiyo. Hakuna aliyetuma salamu.

Chiku alikufa alfajiri ya siku ya pili yake. Nyumba ya mwenyekiti inatazamana na ya Sikudhani, na degedege la mtoto halina siri. Kila mtu mtaani alilisikia lilivyoanza na lilivyokoma. Nilikwenda msibani nikakaa mwisho wa mkeka. Wanawake waliokuwa wakilia walilia na watoto wao mapajani, wakiwashika vidole, wakivikunjua kimoja kimoja kuona kama bado ni laini.

Sikudhani alivuka barabara, amejitanda, mtoto kifuani. Mwanamke ambaye hajatimiza arobaini hatoki, achilia mbali kuja msibani, na wanawake walimpisha bila kujua wafanye nini. Alikuja moja kwa moja akakaa pembeni yangu.

"Dada, mwenyekiti ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Wangekuja kumchukua. Nilitaka iwe wewe."

Alimtazama mama yake Chiku, ambaye alikuwa amelazwa pembeni anapepewa. Alimtazama muda mrefu.

"Basi mwanawe amekufa kwa sababu ulinisubiri mimi."

Ningeweza kusema kwamba hata kama tungeanza siku ile mbegu isingewahi kumwokoa Chiku, na huenda ingekuwa kweli. Sikuwa na uhakika, kwa hiyo nikasema ndiyo. Sikudhani akaniegemea begani kwa ule uzito wa mtu aliyechoka kupita kiasi, tukakaa hivyo hadi maiti ilipotoka.

6

Sikudhani mwenyewe alimleta mtoto zahanati, mchana, jua kali. Alikuwa amemwogesha na kumnyonyesha akashiba, akampaka mafuta hata kwenye nyayo. Mama alikuja nyuma yake akabaki nje ya kizingiti.

Kiula alimwomba Sikudhani asubiri na mama nje. Akakataa. Alisema mtoto amezoea harufu yake na hatamwacha katika mikono ya watu wanaonuka spiriti. Akainamisha uso wake karibu na wa mtoto, akawa anamwimbia kwa sauti ya chini wimbo wa kwetu wa kutwanga mtama. Mimi nilipewa miguu. Nilishika miguu miwili ambayo yote iliingia katika kiganja changu kimoja, na ilikuwa na nguvu, ilinipiga teke, nikaikaza.

Sitaeleza kilio. Kiula alifanya haraka, mikono yake haikutetemeka hata mara moja, na aliponiwekea kile kipande kwenye sahani kilikuwa cheupe chenye wekundu, kidogo kuliko nilivyotarajia. Seli zinaanza kufa mara tu zinapotoka mwilini. Ilinibidi nikimbie. Nilimwacha mdogo wangu na mwanawe wanalia nikakimbia na sahani kifuani, katikati ya barabara, watu wakinitazama, na nilipofika tangini nilikisaga, nikakipandikiza kwenye vitundu vya mfupahai mkongwe, nikaufunika giza.

Mbegu ilishika. Baada ya siku mbili nilichungulia na kuona utando mweupe, mwembamba, umeanza kutambaa juu ya ule mfupa wa kijivu. Nilipima maji, floridi ilikuwa imeshuka. Nilipima tena asubuhi, imeshuka zaidi. Nilicheka peke yangu kama mwehu, kisha nikatoka mbio kwenda kumwambia Sikudhani.

Mgeni alikuwa na homa. Kidonda kilikuwa kimeshika uchafu, na dawa aliyokuwa nayo Kiula ilikuwa ya zamani na haikufanya kitu. Alipigana. Nataka iandikwe kwamba alipigana, alinyonya hadi siku ya mwisho, na alipozidiwa alikuwa kifuani kwa mama yake. Tulimzika bila jina. Watu wa Chumvini walikuja wote, maana safari hii niliwaambia kila kitu, nikisimama kaburini, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Chai ya msiba ilipikwa kwa maji ya tangi. Sikudhani alikunywa kikombe chake akamaliza. Mama hakunywa.

Mwenyekiti Mkumbo alinisubiri watu walipokwisha kutawanyika.

"Nilikuuliza kama kuna njia," alisema.

"Nilikudanganya, mwenyekiti."

Aliitazama ile ardhi mbichi na nyingine iliyokuwa karibu yake, ya Chiku, ambayo ilikuwa bado haijakauka vizuri.

"Ningemchukua," alisema. "Siku ile ile ningemchukua." Akavaa kofia yake akaenda. Hadi leo sijajua kama alikuwa ananilaumu au ananishukuru.

7

Mfupahai mchanga una tabia ambayo mkongwe huwa umeiacha: unakua. Unatoa vichipukizi kila upande, vinajaa kwenye njia za maji, na usipovipunguza maji hayapiti. Kila mtunza tangi anajua kazi hiyo. Unaingia na taa hafifu na msumeno mdogo, unakata vilivyozidi, unatoka. Nilikuwa nimeifanya mara nyingi huku nikipiga mluzi.

Safari hii niliiahirisha. Nilitafuta visingizio, nikasafisha mabomba yasiyo na uchafu, nikanoa msumeno ambao ulikuwa mkali. Mabomba ya mitaa ya chini yakaanza kutoa maji membamba, watu wakaanza kuja kuuliza, kwa adabu, wakiwa wameshika ndoo zao nyuma ya mgongo.

Sikudhani alikuwa anakuja tangini kila siku. Hakuwa na la kufanya pale. Alikaa kwenye ngazi ya ndani, gizani, kanga begani, anasikiliza maji yanavyopita, kisha anaondoka. Hatukuzungumza sana. Maziwa yake yalikuwa hayajakauka, na siku nyingine niliona nguo imelowa kifuani nikatazama pembeni.

Siku hiyo alinikuta nimesimama mbele ya mfupahai, msumeno mkononi. Sijui nilikuwa nimesimama kwa muda gani. Aliuliza ni nini, nikamweleza. Aliuliza kama unasikia maumivu. Nikamwambia hapana, hauna neva, hauna kichwa, hauna moyo, ni seli tu zinazofanya kazi yake, na siyo mtoto wake. Nilikuwa nimejiambia maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba yalitoka yakiwa yamenyooka kama ya kitabuni. Sikudhani alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya pili.

"Na usipokata?"

"Maji hayatapita."

Alishuka ngazi, akaja akasimama karibu. Katika ile taa hafifu vichipukizi vilionekana wazi, vyeupe, vyembamba, vimejaa ukingo mzima, na mkono wangu ulikuwa bado umeshika msumeno bila kukata. Akaufunga ule mkono kwa wake.

"Nipe mimi, dada," alisema. "Mtoto hakatwi kucha na mtu mwingine ilhali mama yake yupo."

Nikampa msumeno, nikamshikia taa.